Mtoto anaharisha na hataki ORS hata kwa dawa: ni tumbo, ni meno, au ndivyo alivyoumbwa?

Mama Nai #1
Wakuu habari za usiku, moja kwa moja kwenye mada.

Nina kijana wa miaka mitatu na nusu. Tangu juzi anaharisha maji maji, jana akaongeza na kutapika. Zahanati wamempima malaria, hana. Wakanipa ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji) na vidonge vya zinki, wakasema nimrudishe kama hapati nafuu. Shida ni kumnywesha. Huyu mtoto toka mdogo ana mambo yake. Lebo ya shati ikimgusa shingoni analia mpaka uikate. Uji ukimwagikia mkononi hagusi kitu kingine hadi aoshwe. Blenda ya jirani ikiwaka anaziba masikio. Chakula chake ni wali usio na mchuzi, mkate mkavu na ndizi ambayo haijaiva sana, basi. Sasa ORS kabla haijafika mdomoni anainusa, anaanza kujikamua kama anatapika, na kweli anatapika.

Naomba kujua mnawanyweshaje watoto wa aina hii. Na kwa nini tumbo linarudi rudi? Hii si mara ya kwanza mwaka huu.

Kipara Ngoto #2
Miaka mitatu na nusu anachagua cha kunywa? Huyo kadekezwa. Sisi tulikuwa tunabanwa pua, kijiko kinaingia, maisha yanaendelea. Nawasilisha.

Nesi wa Kata #3
Kipara hapo umechemka. Mtoto ukimbana pua atavuta hewa kwa mdomo, na kilichomo mdomoni kitaenda nayo mapafuni. Utakuwa umetibu kuharisha ukazalisha nimonia. Msimfanyie hivyo mtoto yeyote, awe anachagua au hachagui.

Mama Nai, kabla ya mbinu zozote niambie haya: akilia machozi yanatoka? Macho yameingia ndani? Mbinye ngozi ya tumbo kwa vidole viwili kisha uachie. Ikikaa zaidi ya sekunde mbili ndipo inarudi, funga simu, beba mtoto nenda hospitali usiku huu huu. Vivyo hivyo akiwa amelegea hata kumwamsha ni kazi, akishindwa kabisa kunywa, akitapika kila kinachoingia, au ukiona damu kwenye choo.

Kama yuko macho na ana kiu, pambana hapo nyumbani. Aliyezidi miaka miwili anatakiwa apate ml 100 hadi 200 kila baada ya kuharisha, wa chini ya hapo ml 50 hadi 100. Hakuna aliyesema aimalize kwa mkupuo. Akitapika subiri dakika 10, uanze tena taratibu.

Mama Nai #4
Asante nesi. Machozi yapo, ngozi inarudi haraka, mkojo anapata ila kidogo. Yupo macho anaangalia katuni. Maji ya kawaida anakunywa kidogo, ORS ndiyo hataki kuiona.

Bi Kizee Mtandaoni #5
Pole mwanangu. Umemwangalia fizi? Mtoto akiharisha na homa homa, nenda kaangalie meno ya plastiki. Yakitolewa kuharisha kunakata. Halafu samahani kwa swali, ulimwachisha ziwa lini, na baba yake alikuwa karibu? Maana watoto wengi wa siku hizi wamebemendwa, yaani wazazi wamekutana kimwili mtoto bado ananyonya, ila wazazi hawataki kusikia.

Kipara Ngoto #6
Hahahaha Bi Kizee umeingia hadi chumbani kwa watu. Baba Nai kama unasoma uzi huu njoo ujitetee.

Chonge #7
Bi Kizee shikamoo. Nasomea afya ya kinywa, niruhusu nipinge kwa adabu. Mtoto wa umri huo meno yake ya utotoni yote 20 huwa yameshatoka. Na hayo yanayoitwa meno ya plastiki ni vichipukizi vya meno halali kabisa, hasa chonge, vinavyoonekana vyeupe chini ya fizi ya mtoto mchanga. Watu wanavichokonoa kwa msumari au spoku ya baiskeli. Kuna watoto wanapoteza damu, wengine wanapata maambukizi, na kuna ambao chonge la ukubwani linakuja limepinda au haliji kabisa.

Bi Kizee Mtandaoni #8
Marahaba mwanangu. Lakini wa kwangu walitolewa na wakapona, na leo mmoja ni mhandisi.

Chonge #9
Wangepona hata wasingetolewa bibi. Kuharisha kwa virusi mara nyingi kunaisha kwenyewe ndani ya wiki moja. Mganga akija siku ya nne, siku ya sita anavuna sifa.

Baba Zuhura #10
Mama Nai pole sana. Binti yangu ana usonji. Sisemi wako anao, maana wapo watoto kibao wenye hisia kali hivyo na hawana usonji, na huwezi kumpima mtu kupitia uzi. Ila hiyo ya kunusa kisha kujikamua naifahamu. Kipara anaona ukaidi, mimi naona mtoto ambaye harufu ndogo inamfikia kwa sauti ya juu. Akiumwa ndiyo inazidi, kwa sababu hana nguvu ya kuvumilia hata vile anavyovivumilia siku zote.

Kilichotusaidia sisi. Kikombe chenye mfuniko na mrija, kimoja hicho hicho kila siku, kwa hiyo harufu haimpandi puani. ORS iwe baridi sana, maana baridi inapunguza ladha. Isipopita hapo tunaigandisha kwenye vile vifuko virefu vya aiskrimu za kufunga. Analamba, anapumzika, anarudia mwenyewe. Hakuna vita.

Kama hataki yote hayo, chukua sirinji ya ml 5 isiyo na sindano. Siri yake ni kwamba AISHIKE YEYE. Kwanza acheze nayo kwenye beseni, avute maji arushie ukutani. Baadaye unaiweka pembeni ya shavu, siyo katikati ya ulimi, yeye anasukuma. Ml 5 kila dakika mbili ni ml 150 kwa saa, ukifanya hesabu utaona mtoto amekunywa kikombe bila kujua. Saa ya simu iwe ya mtetemo, ule mlio wa kengele kwa Zuhura ungeharibu kila kitu.

Na hili naliandika kwa herufi kubwa: USITIE DAWA KWENYE CHAKULA ANACHOKIPENDA. Shangazi yake aliwahi kutia zinki kwenye maziwa kwa nia njema. Zuhura alikuwa anaishi kwa maziwa. Akayatapika, na tangu siku hiyo maziwa hayagusi, hata kwenye chai anayanusa. Mtoto mwenye vyakula vitatu ukimharibia kimoja umebaki na viwili.

Mama Nai #11
Baba Zuhura umeniliza. Vifuko ninavyo, naganda usiku huu.

Dawa Muhimu #12
Nipo duka la dawa, nichangie upande wangu. Watu wanalaumu mtoto kumbe wamekosea kuchanganya. Soma pakiti. Nyingi ni za lita moja, ila zipo za nusu lita na za ml 200. Nimeshuhudia mteja anamimina pakiti ya lita kwenye kikombe cha chai. Hiyo hata mimi ningeitapika, na sodiamu (ile iliyomo kwenye chumvi) ikipanda kwenye damu ya mtoto ni hatari kuliko kuharisha kwenyewe. Onja wewe kwanza. Isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga.

Halafu waliokunywa ORS miaka ya themanini wasitishe watu. Ya sasa imepunguzwa chumvi na sukari, WHO na UNICEF walibadilisha mchanganyiko mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa lita moja kuna gramu 2.6 za chumvi na gramu 13.5 za glukosi. Zipo pia zenye ladha ya chungwa, mradi vipimo viwe hivyo hivyo. Ukishakoroga, saa 24 zikipita mwaga.

Mdau wa Kitambo #13
Dawa Muhimu, nikichanganya na juisi ya embe je? Wangu embe hakatai.

Dawa Muhimu #14
Hapana. Sukari ikizidi inavuta maji kutoka mwilini yaingie utumboni, utashangaa kuharisha kunaongezeka. Soda ni hivyo hivyo, hata ile mnayoitikisa gesi itoke. Ukiishiwa pakiti kabisa: lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Vilivyosawazishwa, siyo vya mlima.

Pwani Moja #15
Hamjambo ndugu zangu, nawasalimu kutoka Mombasa. Kwetu hatuna taabu zote hizi, mtoto akiendesha twamkatia dafu. Lina utamu wake, halina harufu, na hata mkorofi hulinywa. Mamangu ametulea hivyo.

Nesi wa Kata #16
Dafu si baya dada, bora mara mia kuliko soda. Lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na anayeharisha sana anapoteza sodiamu. Mpe kama nyongeza, ORS ibaki palepale. Mtoto wa Mama Nai anakula wali, basi hata maji ya wali yenye chumvi kidogo yanafaa kama nyongeza.

Kipara Ngoto #17
Dafu kwa bei za Posta, Dar, siku hizi? Bora niharishe.

Pwani Moja #18
Hamia pwani ya kweli.

Mkweli Daima #19
Mnazunguka mbuyu. Watoto wa zamani hawakuwa hivi. Tumbo bovu, kuogopa kelele, kuchagua chakula, vyote vilianza na chanjo ya surua. Daktari Mwingereza alithibitisha wakamnyamazisha.

Chonge #20
Unamsema Andrew Wakefield. Makala yake ilitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1998, watoto 12 tu. Mwaka 2010 jarida lenyewe liliifuta, na mwaka huo huo akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wowote. Ukitaka chanjo inayohusu mada yetu iko ya rota, kirusi kinachoharisha watoto, Tanzania inatolewa tangu 2013, wiki ya 6 na ya 10. Hiyo inapunguza kuharisha kukali. Mama Nai angalia kadi ya kliniki kama alipata zote mbili.

Mkweli Daima #21
Nani anawalipa?

Mama Nai #22
Kadi inaonyesha alipata zote mbili. Mbona bado anaharisha?

Nesi wa Kata #23
Rota si kirusi pekee mama. Kuna noro, kuna adeno, kuna bakteria, kuna maji ya boza yaliyokaa kwenye simtanki lisilooshwa. Chanjo inazuia yale makali ya rota, haizibi mlango mzima.

Mama wa Makambako #24
Nimesoma wote, mmesema ya maana, ila kuna neno la Mama Nai mmelipita: "linarudi rudi". Binti yangu alikuwa na tabia hizo hizo. Choo cha shule ya awali kilikuwa na mwangwi, na tundu lake lilimtisha, akawa anabana hadi arudi nyumbani. Nyumbani nako anabana kwa sababu ameshazoea. Baada ya muda nguo ya ndani ikawa inachafuka maji maji kila siku. Dukani napewa Flagyl, zahanati nyingine napewa Flagyl, nikaambiwa amiba sugu. Siku moja daktari mmoja kijana alimlaza, akamgusa tumbo upande wa kushoto chini, akanipeleka na mkono wangu niguse. Kulikuwa na kitu kigumu, kirefu. Choo kimekwama, na kile chepesi kinapita pembeni. Mtoto alikuwa amefunga choo, na sisi tukawa tunamtibu kuharisha!

Alipewa laktulozi, dawa ya kulainisha choo, kwa miezi, na ratiba ya kukaa chooni baada ya chakula, miguu juu ya kigoda ili isining'inie. Wali mkavu, mkate na ndizi mbichi, hiyo ni njia ya kufunga choo moja kwa moja. Mama Nai hebu kumbuka, kati ya kuharisha huku na huku, choo chake kinakuwaje?

Mama Nai #25
Vigumu. Vidogo vidogo vigumu, na anajificha nyuma ya kochi. Mungu wangu.

Nesi wa Kata #26
Mama wa Makambako umegusa jambo kubwa, ila tusiruke kutoka kosa moja kwenda jingine. Huyu safari hii ameanza ghafla na anatapika, hiyo inafanana zaidi na virusi. Inawezekana mtoto mmoja akawa na vyote viwili: kufunga choo kwa miezi, kisha akapata virusi juu yake. Sasa hivi maji kwanza. Akipona, mrudishe akaguswe tumbo.

Mama wa Makambako #27
Nakubali kwa hii ya juzi. Kwa zile za nyuma sikubali mpaka aguswe.

Mdau wa Kitambo #28
Na minyoo mmeisahau. Kila baada ya miezi sita.

Dawa Muhimu #29
Na maziwa. Baada ya kuharisha sana utumbo unaweza kukosa kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa kwa wiki kadhaa. Tumbo linajaa gesi, choo kinakuwa chepesi chenye povu, mama anadhani ugonjwa umerudi. Ila anayenyonya asiachishwe, nasisitiza.

Kuhusu zinki, ina ladha ya chuma, hata mtu mzima anakunja uso. Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, nusu yake kwa wa chini ya miezi sita. Kuna utafiti ulichapishwa 2020, ulifanyika India na hapa hapa Tanzania kwa watoto 4,500. Waliopewa miligramu 5 au 10 walifanya vizuri kama wa 20, na walitapika pungufu kuliko wao. Msijipunguzie wenyewe, muulize aliyekuandikia kama mtoto anaitapika kila siku. Mimi huwa nawaambia wayeyushe kwenye maziwa au uji.

Baba Zuhura #30
Dawa Muhimu rudi #10. Siyo kwenye maziwa!! Yeyusha kwenye kijiko cha maji, mpe, kisha kijiko cha kitu kingine baridi juu yake. Na mwambie kabla kwamba inakuja na ni mbaya. Kumdanganya "tamu hii" kutamfanya akatae na kijiko chenyewe.

Dawa Muhimu #31
Kwa mtoto wa kawaida maziwa hayana shida mkuu. Kwa wako sawa, nimekuelewa.

Kipara Ngoto #32
Mimi bado nasema watoto wa zamani tulikuwa hatuna hisia kali.

Pwani Moja #33
Mlikuwa nazo, Kipara. Waliokuwa nazo waliitwa wakaidi wakapigwa. Mjomba wangu hadi leo hali chochote chenye utelezi, bamia ikiwekwa mezani yeye huondoka, na ana wajukuu.

Kipara Ngoto #34
Daah. Mimi mwenyewe mlenda siwezi.

Pwani Moja #35
Hahaha tumepata mgonjwa.

Mama Nai #36
Mrejesho mfupi wakuu. Sirinji kaikataa, kaigeuza bunduki ya maji. Mrija kaukataa. Vifuko vilivyoganda amelamba, kimoja chote na cha pili nusu, hajatapika. Choo kimepungua kidogo. Shida iliyobaki ni kumsafisha, makalio yamekuwa mekundu na akiona kitambaa anapiga kelele mtaa mzima unasikia.

Baba Zuhura #37
Acha kupangusa kabisa. Kopo la maji ya vuguvugu, mwagia taratibu kutoka mgongoni, yeye ashike ukuta. Mhesabie kwa sauti ile ile kila mara, moja hadi tano, ukifika tano unaacha hata kama hujaridhika. Kausha kwa kubonyeza na kanga iliyochakaa, ile laini, siyo taulo. Kisha vaselini au mafuta yenye zinki, mengi, ili choo kijacho kisiguse ngozi.

Nesi wa Kata #38
Na wewe osha mikono kwa sabuni baada ya hapo, na yeye. Familia nzima ikianza kuharisha hakutakuwa na wa kuhesabu.

Bi Kizee Mtandaoni #39
Haya yote sawa. Lakini swali langu la kubemenda halijajibiwa.

Chonge #40
Bibi!

Mdau wa Kitambo #41
Baba Zuhura, mtu anampeleka wapi mtoto mwenye hisia hizi? Dokta wa watoto aliniambia atakua ataacha.

Baba Zuhura #42
Wengine kweli wanapunguza. Sisi tulianzia kwa daktari wa watoto, akatupa rufaa kwa wale wataalamu wanaofundisha mtoto kula, kuvaa na kuvumilia kuguswa kwa njia ya michezo. Muhimbili wapo, KCMC Moshi wapo na hata wanasomesha wengine. Ukienda usiseme tu "anachagua chakula". Andika orodha: anakula nini, anakataa nini, kelele gani zinamkera, uzito ukoje kwenye kadi. Mtoto akianza kushuka kwenye mstari wa uzito, hapo usisubiri akue.

Mama wa Makambako #43
Na wakati wa kuumwa si wakati wa kumfundisha mboga mpya. Mpe hicho kidogo anachokikubali, mara nyingi. Mapambano ya mchicha yaanze akishapona.

Nesi wa Kata #44
Naunga mkono, kasoro chipsi. Mafuta yote yale kwenye tumbo linaloharisha hapana.

Mama wa Makambako #45
Wangu bila chipsi hakuli kitu kabisa nesi. Bora chipsi kavu tatu kuliko tumbo tupu.

Nesi wa Kata #46
Tatu. Nimehesabu.

Pwani Moja #47
Swali kwa Dawa Muhimu: hiyo ORS ikigandishwa haiharibiki?

Dawa Muhimu #48
Haiharibiki, mradi umegandisha iliyochanganywa kwa vipimo na aile yote. Ila angalia kitu kimoja. Akiinyonya bila kuilamba, chumvi na sukari vinatangulia kutoka, inabaki barafu nyeupe isiyo na ladha, na ule mfyonzo wa kwanza unakuwa na chumvi kali. Wengine wanaikataa hapo hapo. Iponde iwe vipande, itikise, ndipo umpe kwa kijiko.

Mzazi Mgeni #49
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Wangu wa miaka miwili ni kinyume chake: baridi hataki kabisa, ukimpa kitu cha baridi anakitema na kulia. Cha moto anakunywa. Naweza kupasha ORS?

Dawa Muhimu #50
Usiichemshe ikishachanganywa. Chemsha maji, yaache yafikie uvuguvugu, ndipo ukoroge pakiti. Mpe hivyo hivyo ikiwa vuguvugu.

Mzazi Mgeni #51
Ameonja. Amekunja uso, lakini hajatema.